Chafya za Kashata, na jinsi tulivyompata daktari wa sungura Tabora

Sungura anapumua kwa pua. Mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, na ukimwona ameachama, kichwa kimeinuka juu, anavuta hewa kwa taabu, basi hali imeshakuwa mbaya sana. Mtu akizibwa pua na mafua atahema kwa mdomo mpaka kukuche. Sungura hana njia ya pili ya kutegemea. Kwa hiyo chafya zake si jambo la kupuuza hata kidogo. Naandika haya kwa sababu hapa Tabora kila ninapomweleza mtu kuwa nilimpeleka sungura kwa daktari, anauliza kwanza kwa nini sikumchinja. Halafu yupo anayenifuata pembeni, ana sungura wake nyumbani, ananiuliza ni daktari gani. Huyo wa pembeni ndiye ninayemwandikia.

Kashata ni jike, wa kahawia mwenye madoa meupe kama karanga zilizoshikana kwenye sukari, na jina alipewa na binti yangu. Tunaishi Kiloleni. Chafya zilimwanza kiangazi, mwezi wa nane, upepo unapoinua vumbi mpaka majani ya miembe yanapoteza rangi yake. Mwanzoni ilikuwa chafya moja moja asubuhi. Baadaye zikawa za mfululizo, na kila akimaliza alijipangusa pua kwa miguu ya mbele, kama wafanyavyo sungura wanapojisafisha uso. Kula alikuwa anakula. Kinyesi chake kilikuwa gololi zilezile kavu za kawaida. Hayo mawili yalinituliza, na bado ndiyo ninayoyatazama kwanza kila siku, kabla hata ya pua.

Ushauri ulikuja haraka kuliko nilivyoutafuta. Kijana wa duka la dawa za mifugo alinishikisha chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile wanayochomwa ng'ombe, akaniambia nimpe "kidogo tu". Jirani akaleta vidonge vya rangi mbili vya amoksilini vilivyobaki kwa mwanawe, akashauri nivifungue, niukoroge unga kwenye maji ya kunywa. Alikuwa na nia njema kabisa. Nilimshukuru nikavirudisha, kwa kuwa mtaani kwetu familia moja ilishawahi kuwapa sungura wao dawa hiyohiyo kwa njia hiyohiyo. Wakaharisha, wakafa, na mpaka leo wenyewe wanasema mafua ndiyo yaliyowaua.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sungura wengi wanapopotelea. Tumbo la sungura linaendeshwa na bakteria. Nyasi anazokula haziwezi kumfaa bila jeshi la vijidudu wema waliomo kwenye utumbo mpana, katika mfuko mkubwa uitwao sikamu, ambamo majani huchachushwa. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni, yaani amoksilini, ampisilini na ndugu zao, pamoja na klindamisini, linkomisini na erithromisini, zinawaua wale wema na kuwaacha wabaya wa aina ya Clostridium wakizaliana na kumwaga sumu. Sungura anaharisha, anapoa mwili, anakufa. Dawa iliyomponya mtoto wako ndani ya wiki inaweza kummaliza sungura ndani ya siku chache. Penisilini ya sindano chini ya ngozi ni habari nyingine, madaktari huitumia kwa sungura kwa uangalifu. Kinachoua ni kuipitisha mdomoni. Ukibaki na jambo moja tu katika maelezo yangu, naomba liwe hilo.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kumtazama. Mkoa wetu ni wa ng'ombe. Igunga, Nzega, Uyui, kote huko wataalamu wa mifugo wanahangaika na ndigana kali, kimeta, na mdondo wa kuku. Sungura wa kufugwa kwa mapenzi hawamo katika hesabu za mtu. Mtaalamu wa kwanza niliyempata alimtazama Kashata kwa juu, tenga likiwa bado chini, akavuta sindano. Nilimwuliza ni dawa gani. Akajibu, "Ya mafua." Nikauliza sungura ana uzito gani. Hakuwa amempima. Nikaomba radhi, nikafunika tenga, nikaondoka. Nasema hivi bila kinyongo, na nina hakika kwa ng'ombe anafanya kazi yake vizuri, lakini dawa isiyopigiwa hesabu ya uzito kwa mnyama wa kilo mbili na kitu ni hatari, na mwenye mnyama ana haki ya kuuliza.

Aliyetufungulia njia ni afisa mifugo wa kata yetu. Sikumtarajia, maana kazi yake ni kuzunguka na chanjo. Aliniambia:

"Mwalimu, nisikudanganye. Sungura nimewasoma chuoni, lakini mikono yangu imezoea ng'ombe na kuku. Ngoja nimpigie dokta mmoja, yeye atajua la kufanya, na asipojua atamtafuta anayejua."

Maneno hayo, "asipojua atamtafuta anayejua", yalinipa imani kuliko cheti chochote ukutani. Cheti nacho kina maana yake. Tanzania ina Baraza la Veterinari, lililopo kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, nalo ndilo linalosajili madaktari wa mifugo na kuwaandikisha wataalamu wasaidizi. Daktari amesoma shahada ya miaka mitano, na wengi wa madaktari wetu wametoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa mifugo mwenye stashahada ni mtu muhimu sana vijijini na mitaani, ila si kila jambo ni la kwake, na yule wa kwetu alijua mpaka wa kazi yake ulipo. Si vibaya kumwuliza mtu kama amesajiliwa. Mwenye usajili hukujibu bila kununa.

Tulikwenda kwa dokta huyo asubuhi na mapema. Nilichagua bajaji badala ya bodaboda, nikatandika nyasi ndani ya tenga na kulifunika kwa kitambaa chepesi kilicholowa pembeni. Sungura hatoki jasho la kumpoza, hupoza mwili kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 huanza kuteseka. Mwezi wa tisa na wa kumi Tabora inaivuka hiyo kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo Dokta," binti yangu alisalimia.

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa wetu anaitwa nani?"

Dokta akaandika jina "Kashata" kwenye karatasi, akaweka tenga sakafuni kivulini, akafungua mfuniko, kisha akakaa. Hakumgusa. Alikaa anamtazama, saa mkononi, anahesabu jinsi mbavu zinavyopanda na kushuka. Sungura mzima akiwa ametulia huvuta pumzi kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, na ukishamshika hesabu inaharibika kwa hofu. Kukaa kule kimya kulikuwa kipimo cha kwanza, nami nilikuwa nimedhani hajaanza.

Kisha akashika miguu ya mbele. Akageuza upande wa ndani wa viganja, akanionyesha manyoya yaliyogandamana, makavu, kama yaliyopakwa gundi. "Hapa ndipo pua inapofutiwa," akasema. "Pua yenyewe inaweza kuwa safi ukija nayo kwangu, lakini miguu haifichi." Tangu siku ile viganja vya Kashata ndivyo ninavyovikagua, navyo hunipa habari kabla ya chafya. Akachukua kioo kidogo, akakisogeza mbele ya tundu moja la pua, halafu la pili, akitazama ukungu. Tundu la kushoto lilitoa ukungu mdogo kuliko la kulia. Akasikiliza mapafu pande zote mbili. Akatazama macho kama yanatoa machozi, akachungulia masikio, akapima joto, na sungura mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40, hivyo nyuzi 39 zisikutishe. Mwisho akafungua midomo aone meno ya mbele, akapapasa taya zote, juu na chini, akitafuta uvimbe.

Nilimwuliza meno yanahusikaje na chafya. Akanieleza kuwa meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, yale ya mbele takriban milimita 2 kwa wiki, na yanayoyasaga ni nyasi. Sungura anayeshibishwa pumba na vitu laini anakosa cha kusagia. Jino likirefuka, mzizi nao unasukuma kwenda juu, na mizizi ya meno ya juu imepakana na njia ya machozi na matundu ya pua. Unaweza kumtibu mafua mwaka mzima kumbe tatizo ni jino. Au ni kipande cha unyasi kilichoingia puani, na hicho mara nyingi huleta chafya za ghafla, za nguvu, kamasi likitoka upande mmoja tu.

Meno ya Kashata yalikuwa sawa. Ndipo yakaja maswali, na nadhani yalichukua muda mrefu kuliko kumpima. Analala wapi? Banda linasafishwa lini? Kuna sungura mwingine aliyeletwa karibuni? Anakula nini asubuhi, anakula nini usiku? Matandiko ni ya nini, na yametoka wapi?

Matandiko yalikuwa maranda kutoka kwa fundi seremala wa jirani. Miezi ya nyuma fundi alikuwa akiranda mbao nyingine, lakini wakati ule alikuwa na kazi kubwa ya vitanda vya mninga. Waulize mafundi wa Tabora kuhusu vumbi la mninga: linawasha pua na ngozi, wengine wanafunga kitambaa usoni. Kashata alikuwa akilala juu yake, pua yake ikiwa sentimita chache kutoka chini. Dokta akaongeza jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijaribu leo. Usimame wima ukinusa banda, utasema halina harufu. Piga magoti, weka uso wako pale uso wa sungura unapokaa. Mkojo wa sungura ukikaa hutoa hewa ya amonia inayochoma utando wa pua, na utando ukishachubuka vijidudu vinapata mlango.

Hatukuandikiwa dawa siku ile. Kamasi lilikuwa bado la majimaji, mapafu yalikuwa safi, mgonjwa alikuwa anakula. Tuliambiwa tutoe maranda yote, tutandike nyasi kavu zilizopepetwa nje na magazeti chini yake, kona anayokojolea isafishwe kila siku, pumba za mahindi zenye unga ziondolewe, na uzito wake tuupime mara kwa mara kwa mizani ya jikoni na kuuandika. Nilimlipa daktari ambaye hakunipa chupa yoyote, na niliona pesa yangu imekwenda mahali pake. Watu wengi hapa humwona mtaalamu asiyechoma sindano kuwa hakufanya kitu. Mimi naona kinyume chake.

Chafya zilipungua waziwazi. Binti yangu alifurahi, nami nikafurahi, lakini tundu la kushoto halikukauka. Kamasi likageuka jeupe, zito, na viganja vikaanza tena kugandamana. Tukarudi. Safari hii Dokta alichukua sampuli kwa kijiti chembamba cha pamba, akaingiza ndani kiasi, kwa sababu kamasi la mlangoni mwa pua hukusanya kila kitu na halisemi ukweli wa huko ndani. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo hapa Tabora na maabara yake kuu iko Temeke, Dar es Salaam, na alishughulikia yeye mwenyewe jinsi ya kuipeleka. Majibu yakaja: Pasteurella multocida, bakteria anayejulikana zaidi katika mafua ya sungura, pamoja na orodha ya dawa zinazomuweza na zisizomuweza.

Dokta akachagua enrofloksasini, mojawapo ya dawa ambazo tumbo la sungura huzivumilia. Hapa tena kuna la kuangalia. Madukani inauzwa kwa wingi ile ya maji ya asilimia 10 kwa ajili ya kuku, na haifai kumtilia sungura mdomoni kama ilivyo, ni kali, inaunguza. Dokta aliipunguza na kupiga hesabu kwa uzito wa Kashata wa siku ile, akaandika kipimo juu ya chupa. Sitakiandika hapa, kwa sababu sungura wako si Kashata.

Kumpa dawa ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anamfunga taulo mwili mzima, kichwa kikibaki nje, miguu ya nyuma ikiwa imekazwa vizuri, maana sungura akirusha mateke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mwingine anaingiza sirinji isiyo na sindano pembeni mwa mdomo, kwenye ule uwazi nyuma ya meno ya mbele, anasukuma matone kidogo kidogo, anasubiri ameze. Kamwe usimlaze chali. Kabla ya dawa nililainisha kamasi kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikafuta pua na viganja vyote viwili, kwa sababu pua iliyozibwa inamnyima harufu ya chakula na asiposikia harufu hali.

Na kutokula ndilo jambo lililonikosesha usingizi kuliko chafya. Sungura akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura, hata kama pua imepona. Utumbo wake ukisimama, hewa hujaa, maumivu humzidi, na anakuwa anakufa huku amejikunyata kwa utulivu unaoweza kukudanganya. Tulimpa matembele, mchicha wenye harufu, nyasi mbichi tulizokata mbali na barabara, na nyasi kavu muda wote mbele yake. Siku alipokataa hata matembele nilimpigia Dokta jioni, akatuelekeza kumlisha kwa sirinji nyasi zilizosagwa na maji, akamwona kesho yake asubuhi na mapema. Alipokea simu. Kwangu mimi kupokea simu jioni ni sehemu ya tiba.

Dawa tulimaliza yote aliyotuandikia, wiki kadhaa, ingawa chafya zilikoma mapema. Dokta hakunificha kuwa Pasteurella ana tabia ya kujificha ndani ya mifupa ya pua, na sungura wengi wanaishi naye bila dalili hadi vumbi, joto au hofu viwadhoofishe. Anaweza pia kupenya hadi sikio la ndani, na dalili yake ni kichwa kulala upande mmoja. Hivyo Kashata anahesabiwa kuwa ametulia. Kiangazi kilichofuata alipiga chafya tena kidogo, viganja vikabaki safi, uzito haukushuka, hatukumpa kitu chochote isipokuwa banda safi na sehemu isiyo na upepo. Sungura mgeni akija nyumbani sasa anakaa peke yake wiki kadhaa, na vyombo vyake mbali, kabla ya kukaribiana.

Ndiyo, gharama zilizidi bei ya sungura mara nyingi. Ndugu zangu waliniambia kwa hiyo pesa ningenunua wengine na kubakiwa na chenji. Sina hoja ya kuwashinda kwa hesabu. Binti yangu alimlea Kashata tangu akiwa na ukubwa wa kiganja, mimi ndiye niliyemruhusu amlete, na mnyama niliyemfungia bandani hawezi kwenda kujitafutia nyasi safi wala hewa safi mwenyewe. Ninamdai nini zaidi ya hapo? Yeye ndiye anayenidai.

Kwa wanaonifuata pembeni kuuliza: anzeni na afisa mifugo wa kata, mwombeni awaunganishe na daktari aliyesajiliwa, na mkifika mwulizeni ni dawa gani hawezi kumpa sungura kwa mdomo. Akitaja amoksilini bila kusita, kaeni. Akisema ngoja nisome au nimpigie mwenzangu Morogoro, kaeni vilevile. Akiwaambia mumlaze na njaa usiku kucha kabla ya kumfanyia upasuaji, ulizeni kwa nini, maana sungura hatapiki na njaa inamdhuru. Bebeni nyasi anazozijua, gololi chache za kinyesi cha asubuhi hiyo, daftari la uzito, na konzi ya matandiko anayolalia ndani ya mfuko. Dokta wetu huyaomba matandiko kabla hajauliza jina la mgonjwa, tangu alipoyaona yale ya mninga.